Naomba ushauri: nihamie Nairobi kuwa mtayarishaji wa habari za kimataifa?

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Kampala. Kwa miaka tisa nimefanya kazi ya kujitegemea kwa vituo vya televisheni vya nje: natafuta vibali, madereva na wakalimani, napanga mahojiano, kisha nahakikisha picha zimefika London kabla ya taarifa ya saa nne usiku, ambayo majira ya baridi ya huko huwa saa saba usiku kwetu. Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchini wakati wa uchaguzi, nilimkabidhi dereva wa lori aliyekuwa akielekea Busia kadi ya picha iliyofungwa kwenye leso, nami sikulala hadi alipopiga simu.

Sasa nimepewa ajira ya kudumu Nairobi, nikifuatilia Kongo, Sudan Kusini na Somalia. Mshahara ni mzuri, lakini mkataba hautaji bima ya maeneo ya vita, na mama yangu mgonjwa ananitegemea mimi peke yangu. Kazi hii naipenda kwa dhati.

Waliowahi kuifanya, naombeni mnieleze: je, bima hiyo hudaiwa kabla ya kutia saini, na mtayarishaji anaweza kukataa safari ya hatari bila kupoteza kazi?