Naomba ushauri: mtini usiojulikana kando ya kijito, wenye tini tamu kupita zote nilizowahi kula

BintiPangani aliandika:

Ndugu zangu, hamjambo nyote. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, na kwa sasa ninaishi katika Bonde la Sacramento, California. Wiki iliyopita, nilipokuwa nikitembea kando ya kijito kinachopita nyuma ya mashamba ya lozi, nilikuta mtini ulioota katikati ya vichaka, mahali ambapo hapana nyumba, hapana ua, wala dalili yoyote kwamba mtu aliwahi kupanda kitu. Tangu nihamie huku nimekula tini nyingi, hasa Black Mission na Brown Turkey zinazouzwa sokoni, lakini sijapata kuonja tunda kama hili.

Lina ukubwa wa ndimu, ngozi yake ni zambarau iliyokoza ambayo hupasuka mistari myeupe likiiva, na kwenye jicho lake, yaani kitundu kidogo cha mwisho wa tunda, hujitokeza tone zito kama asali. Nyama ya ndani ni nyekundu kama maji ya choya. Utamu wake si wa sukari peke yake. Una uchachu mwembamba unaonikumbusha ukwaju uliopikwa kwa sukari guru, na mbegu zake hutafunika kama ufuta uliokaangwa. Majani mengi yana ndimi tano, ingawa kwenye tawi hilo hilo nimeona mengine yenye ndimi tatu.

Naomba kujua hii ni aina gani, na nifanye nini ili niwe na mti wake nyumbani na, ikiwezekana, nimpelekee mama yangu Pangani.

MpandaMiti alijibu:

Kwa maelezo yako ya rangi, mimi naona ni Black Mission tu. Za sokoni huchumwa mapema ili zisipondeke njiani, na tini ikishachumwa haiendelei kuiva kama ndizi au parachichi. Huenda hii ni mara yako ya kwanza kula iliyoivia mtini.

ShambaFresno alijibu:

Naomba kutofautiana kwa heshima na ndugu aliyetangulia. Hoja yake kuhusu kuivia mtini ni ya kweli kabisa, lakini swali la kwanza hapa si rangi ya tunda. Swali ni jinsi mti ulivyofika mahali hapo, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua kama kuna jina la kutafuta.

Black Mission ilifika California pamoja na wamisionari wa Kihispania waliojenga misheni ya San Diego mwaka 1769, na tangu hapo imeenezwa kwa kukata matawi na kuyapanda, hivyo kila Black Mission ni kipande cha mti ule ule wa zamani. Mtini ulioota kutokana na mbegu ni jambo jingine. Katika miaka ya 1880 wakulima wa hapa waliagiza vipando vya tini za Smirna, zile kubwa za Uturuki, miti ikastawi vizuri, lakini matunda yakawa yanadondoka mwaka baada ya mwaka yakiwa bado machanga. Aina ile haiivi bila kuchavushwa na nyigu mdogo mno, Blastophaga psenes, anayezaliana ndani ya matunda ya mtini dume na kuingia kwenye tunda la mtini jike kupitia lile jicho. Nyigu huyo alifanikiwa kustawishwa California mwaka 1899, na ndipo mashamba ya Smirna yalipoanza kuzaa. Ila kuanzia hapo tini za jimbo hili zikawa na mbegu hai. Ndege wakazila, wakazitawanya kwenye mito na mifereji, na leo mitini ya mwituni ni mingi katika bonde letu kiasi kwamba watu wa hifadhi huihesabu kuwa mimea vamizi.

Kila mche wa mbegu ni kiumbe kipya, kama mtoto asivyofanana kabisa na wazazi wake. Takriban nusu yake huwa madume yasiyolika, na kati ya majike wengi huzaa matunda ya kawaida au makavu. Mmoja mmoja, kwa nadra sana, huwa bora kuliko mama yake. Kwa hiyo nakushauri ufanye jaribio dogo: kamua mbegu kwenye bilauri ya maji. Zilizochavushwa huzama, na zilizo tupu huelea. Fahamu pia kwamba kuchavushwa huifanya nyama iwe nyekundu zaidi na tunda kuwa kubwa zaidi, hata kwa Black Mission yenyewe, na kwamba majani ya mtini mmoja hutofautiana kama ulivyoona. Ndiyo maana mimi siamini mtu anayetaja jina la aina kwa kutazama picha moja.

BintiPangani aliandika:

Ahsante sana, kaka. Nimefanya hivyo kwa matunda matatu, na mbegu karibu zote zimezama. Je, hii ina maana kwamba ni mti wa mbegu?

ShambaFresno alijibu:

Hapana, ina maana kwamba nyigu aliingia kwenye tunda, basi. Asili ya mti inaonyeshwa zaidi na mahali ulipoota. Ukitaka uhakika, kipimo cha vinasaba kinaweza kulinganisha jani lako na aina zilizokwisha kutambuliwa, na bahati nzuri hazina ya taifa ya mitini ya Marekani inatunzwa huko huko kwenu, Davis. Usiposhabihiana na wowote, utakuwa na mti usio na jina, na wewe ndiye utakayeupa.

MkaziBristol alijibu:

Dada yangu, nina neno moja ambalo ningefurahi kama mtu angeniambia mapema. Rafiki yangu alinipa kipando cha mtini wa mwituni kutoka California, wenye sifa kama unazozitaja. Nimeutunza kwenye chungu miaka minne hapa Uingereza, na kila kiangazi tini zake hufikia ukubwa wa njegere, zikageuka manjano na kudondoka. Hapa hatuna nyigu huyo, na mti wangu ni wa jamii ya Smirna. Mwaka ujao, mwanzoni mwa kiangazi, vika tini changa mifuko ya kitambaa chepesi chenye nyuzi zilizobana, kabla jicho halijaanza kumruhusu nyigu. Zikibaki na kuiva ndani ya mfuko, mti wako unajitosheleza. Zikidondoka, basi usimpelekee mama, kwani utampa kivuli tu.

MamaLushoto alijibu:

Mwanangu, hujambo. Mimi ninalima mitini michache huku milimani, nami nakusihi usitie vijiti kwenye sanduku la nguo. Vipando vya mtini hubeba virusi vya mozaiki, ambavyo huonekana kama madoa ya manjano kwenye majani na haviponi. Hivyo tafuta kibali cha kuingiza mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu ya Tanzania, pamoja na cheti cha afya ya mmea kutoka huko uliko. Tena Pangani si Lushoto. Mvua zikikutana na tunda lililoiva, maji huingia kwenye jicho na tini huchacha mtini, na mchanga wa pwani una minyoo fundo inayopenda sana mizizi ya mtini. Kama mama atakubali, mpandie kwenye pipa lenye udongo safi, chini ya paa la baraza linalopata jua.

Unapokata matawi vaa glavu na mikono mirefu, maana utomvu wa mtini ukikauka juani kwenye ngozi hutoa malengelenge.

BintiPangani aliandika:

Shikamoo, mama, na ahsanteni nyote. Nilikuwa nimepanga kusubiri Januari, majani yakishapukutika, nikate vijiti vya unene wa penseli. Leo nimezungumza na wasimamizi wa kijito, nao wameniambia kwamba mitini yote ya mwituni katika eneo hilo itang'olewa mwezi Novemba. Wamenipa ruhusa ya maandishi kuchukua matawi kabla ya hapo. Je, vijiti vyenye majani vitashika?

ShambaFresno alijibu:

Vingi vitaoza. Usikate sasa. Chagua matawi matatu au manne, menya gamba kwa mduara wa upana wa kidole, zungushia udongo mwepesi uliolowa, funga kwa nailoni, kisha funika kwa karatasi ya alumini ili jua lisiuchome. Kwa joto la sasa mizizi itaonekana baada ya wiki nne hadi nane, na hapo utakata chini ya fundo ukiwa na mche kamili. Usisahau kukagua unyevu kila wiki.

BintiPangani aliandika:

Nimefunga matawi manne jioni hii, mawili upande wa jua na mawili upande wa kivuli. Tini za juu zimekwisha kuliwa na ndege. Nitarudi Jumamosi na maji.