Tupeane uzoefu: siku kiwanda kilipotupunguza

Mtu wa Tanuri, Kaptembwo
Jana nilinusa harufu ya mkate nikipita Bondeni, nikasimama kama niliyeitwa. Nilioka mikate katika kiwanda kimoja hapa Nakuru kwa miaka 14. Usiku wa kupunguzwa tuliitwa katikati ya zamu, aproni zikiwa bado viunoni, na meneja akasoma majina kwa alfabeti. Langu liko karibu na mwisho, kwa hiyo niliwatazama wenzangu wakitoka mmoja mmoja. Nilipopewa barua nikakumbuka kwamba unga wangu ulikuwa umekwisha kuumuka na ungeharibika. Nikarudi nikauoka. Nilipotoka alfajiri, malori yalikuwa yakipakia mikate hiyo.

Nyar Kondele
Pole, ndugu yangu. Kisumu majina yetu yalibandikwa langoni.

Fundi wa Pipeline
Hapo ulijidhalilisha. Mimi ningeuacha uchachuke mpaka ufike darini.

Mtu wa Tanuri
Unga haukuniandikia barua.

Fundi wa Pipeline
Wala hukulipwa kwa saa hizo!

Mwakilishi wa Zamani
Acheni unga, tuzungumzie haki. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri akijulishe chama cha wafanyakazi na afisa wa leba angalau mwezi mmoja kabla, kisha alipe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Ulihesabiwa miaka mingapi?

Mtu wa Tanuri
Miaka 9. Ile mitano ya mwanzo walisema nilikuwa kibarua.

Mwakilishi wa Zamani
Nilijua tu. Ulilipwa siku 135 badala ya 210. Kasome kifungu cha 37, kwa maana kibarua anayefanya kazi mfululizo mwezi baada ya mwezi habaki kibarua kwa sababu tu meneja amependa kumwita hivyo.

Mama Njoro
Ndiyo maana nasema msitie sahihi chochote siku hiyo.

Omwana wa Webuye
Mimi nilikataa kutia sahihi, lakini karo ilinirudisha ofisini baada ya siku nne. Chukueni pesa mnunue ng'ombe, si bodaboda. Ng'ombe hadai petroli.

Nyar Kondele
Wangu alikufa mwezi wa pili. Bodaboda ya shemeji ingali inatembea.

Mwakilishi wa Zamani
Wa Tanuri, barua yako ni ya lini? Dai likipita miaka 3, mahakama haitalisikiliza.

Mtu wa Tanuri
Ni ya mwaka juzi. Ofisi ya leba hufunguliwa saa ngapi?