Likizo kubwa, uuguzi na utafiti: mwanafunzi wa shahada aanzie wapi?

BintiWete ameuliza:

Assalaam alaykum walimu wangu na ndugu zangu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya uuguzi. Ninasoma Unguja na kwetu ni Wete. Likizo kubwa inakaribia, na safari hii ninatamani kuitumia kujifunza utafiti, kwa sababu ya jambo nililoliona katika mafunzo ya vitendo ambalo mpaka leo halijanitoka moyoni.

Tulikuwa wodi ya wazazi, zamu ya usiku. Asubuhi, faili la mama mmoja lilipofunguliwa, nilikuta katika patografu yake, ile karatasi ya kufuatilia mwenendo wa uchungu, nukta za mapigo ya moyo wa mtoto zimepangwa kila baada ya nusu saa, zote kwenye 140, kwa wino mmoja na mkono mmoja. Mimi nilikuwepo usiku ule, na ninajua kwamba kwa muda wa saa 2 hakuna aliyepata nafasi ya kuweka fetoskopu, kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto, juu ya tumbo la yule mama, kwa kuwa muuguzi alikuwa peke yake na wazazi 5, na mmoja wao alikuwa anatoka damu. Mama na mtoto walitoka salama, alhamdulillah. Lakini tangu siku hiyo ninajiuliza: karatasi ngapi zinajazwa namna ile, na muuguzi angefanyiwa nini ili asilazimike kuijaza hivyo?

Nikitafuta katika intaneti ninapata programu za utafiti za Marekani za wiki 8 hadi 10, katika kiangazi chao ambacho kwetu ni kipupwe, lakini nikifika kwenye masharti ninakwama. Je, hapa kwetu ipo nafasi kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili? Ninahitaji nini mkononi? Naomba pia mnisaidie la kumwambia baba, maana karafuu zimezaa na anategemea mikono yetu katika kuchambua na kuanika.

MaalimWaUuguzi amejibu:

Waalaykumu ssalaam mwanangu. Nianze na hizo programu za Marekani ili usizipotezee muda. Ile ya Taasisi za Taifa za Afya za huko, NIH, ambayo ndani yake imo taasisi maalumu ya utafiti wa uuguzi iliyoanza kama kituo mwaka 1986, kwa kawaida imekuwa ikichukua raia wa Marekani na wakaazi wa kudumu tu. Zile zinazofadhiliwa na Wakfu wa Taifa wa Sayansi, zinazoitwa REU, zina sharti kama hilo kwa wanafunzi wanaolipwa posho na wakfu huo. Kwa hiyo hukukwama kwa upungufu wako. Utaratibu wao, hata hivyo, unafaa kuigwa: mwanafunzi anapewa msimamizi mmoja, swali moja dogo, muda unaojulikana, na mwisho wa likizo anasimama mbele ya watu na kueleza alichokipata. Hayo unaweza kuyapata bila ya viza.

Umetoka Pemba, na huenda hujui umezaliwa jirani na nini. Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, ipo Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000. Kichocho na minyoo vimechunguzwa pale kwa miaka mingi, na baadhi ya tafiti zilizofanywa Pemba zimesomwa dunia nzima. Mmoja ni ule wa kuwapa watoto wadogo madini ya chuma na asidi ya foliki, uliochapishwa mwaka 2006. Watu walitarajia kwamba vidonge vile vitawanufaisha watoto wote, ila ikaonekana kwamba palipo na malaria nyingi, kuwapa bila ya kuwapima kwanza kunaongeza hatari ya kuugua sana na kufa, na Shirika la Afya Duniani likalazimika kuutazama upya ushauri wake. Mwengine ni ule wa kupaka klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kwenye kitovu cha mtoto mchanga, uliohusisha watoto 36,911 kuanzia mwaka 2011 hadi 2014. Kusini mwa Asia dawa hiyo ilikuwa imepunguza vifo. Pemba tofauti iliyoonekana ilikuwa ndogo mno kuweza kutegemewa. Ninakutajia haya kwa sababu wanafunzi wengi hudhani kwamba utafiti ni kurudia yaliyokwishajulikana kwengine. Lau watoto wa Pemba wasingehesabiwa, tungekuwa tunatumia majibu ya watoto wa Nepal na Bangladesh.

Sasa swali lako la patografu. Limekwishaulizwa, tena katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na hilo lisikuvunje moyo. Kuanzia mwaka 2014, katika utafiti uitwao PartoMa, wauguzi, wakunga na madaktari wa hospitali walikaa pamoja na watafiti kutoka Denmark wakatengeneza mwongozo mfupi wa mfukoni wa kumhudumia mzazi, ulioandikwa kwa kuzingatia idadi halisi ya wahudumu waliopo zamu. Watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 kwa kila vizazi 1,000 hadi 39. Kwa muda mrefu mafunzo tuliyopewa yalidai kila kitu kwa kila mzazi, na muuguzi mwenye wazazi 5 akishindwa kukitimiza, anajaza karatasi ili isionekane tupu. Wale wa PartoMa walianza kwa kuuliza kinachowezekana. Soma ripoti zao kabla hujaandika mstari hata mmoja. Maktaba ya chuo ikiwa imejiunga na HINARI, mpango wa kuzipatia nchi zenye kipato kidogo majarida ya afya, utazipata bila ya malipo.

Kuhusu kuingia, usisubiri tangazo. Andika ukurasa mmoja: uliona nini (bila ya jina la mtu wala hospitali), unataka kujua nini, una wiki ngapi, unaweza kufanya kazi gani. Upeleke kwa mwalimu mwenye utafiti unaoendelea, umuombe akuchukue uwe mikononi mwake, na barua ya kwenda hospitali au maabara itoke kwa mkuu wa skuli yenu, si kwako. Mwaka wa pili si mapema.

MkungaWaZamu amejibu:

Maalim amesema kweli, lakini mimi ninatofautiana naye katika neno lake la mwisho, na ninasema kwa mapenzi. Mdogo wangu, mwaka wa pili bado hujazalisha vya kutosha. Mtu asiyejua kusikiliza moyo wa mtoto wakati uchungu umepamba moto, mama anajipinda, feni haifanyi kazi na mwengine anaita kitanda cha pili, hawezi kujua kwa nini karatasi ilijazwa vile. Ningekuwa wewe, nusu ya likizo ningeomba niongeze siku za wodini, nikae na wakunga, nishike fetoskopu mpaka sikio lizowee, kisha nusu ya pili niende kwa watafiti.

Jambo jengine ni zito zaidi. Umeliona faili lile ukiwa mwanafunzi wa vitendo, na lilifunguliwa mbele yako kwa ajili ya kumhudumia mama. Kwa hiyo huna ruhusa ya kulirudia, kulinakili wala kulipiga picha kwa simu kwa ajili ya utafiti. Kwa kazi hiyo inahitajika idhini ya Kamati ya Maadili ya Utafiti wa Afya Zanzibar, ile ya ZAHREC, pamoja na ruhusa ya uongozi wa hospitali. Nimewahi kumuona mwanafunzi mwenye nia njema kabisa akinyang'anywa daftari lake lote kwa sababu alianza kuhesabu kabla ya kibali, na kazi ya wiki 3 ikapotea.

Na ukija wodini na swali hilo, njoo kama mwenzetu. Yule muuguzi wa usiku ule alikuwa anamzuia mtu asife kwa damu. Ukimhoji kama mtuhumiwa, atakujibu kama mtuhumiwa, na hutapata ukweli.

KijanaWaChake amejibu:

Mimi nimemaliza shahada na nimewahi kufanya kazi ya kukusanya taarifa vijijini, kwa hiyo nitasema la upande huo.

Kwanza, mapatano. Mara ya kwanza nilichukuliwa na mradi mmoja ambao sitautaja. Nilizunguka mwezi mzima na kishikwambi, nauli mfukoni mwangu, na ulipomalizika sikuoneshwa hata jadweli moja la matokeo wala jina langu halikutajwa katika shukurani. Nilijifunza kubonyeza, sikujifunza utafiti. Uliza mapema, kwa adabu lakini kwa uwazi: nauli na chakula juu ya nani, nani atanifundisha, nitashiriki kuzichambua taarifa au kuzikusanya tu, na jina langu litaandikwa wapi. Mtafiti mwema hachukizwi na maswali hayo.

Pili, lugha yako ni elimu. Katika mradi wa pili tulipewa dodoso lililotafsiriwa ofisini, lenye swali: "Je, ulipata uchungu ndani ya wiki moja baada ya kujifungua?" Mama wa kwanza akanitazama akasema, "Mwanangu, uchungu baada ya kuzaa? Mtoto si keshatoka!" Mfasiri alikusudia maumivu. Nyumba 4 nyengine wakajibu hapana, na lau si yule mama tungeandika kwamba hakuna aliyeumwa. Msimamizi wetu alisimamisha kazi siku ile ile, swali likaandikwa upya, na zile nyumba tukazirudia. Dodoso lolote utakalopewa, lisome kwa sauti mbele ya mama yako kabla hujatoka nalo.

Tatu, usiingie shehia ya watu bila ya kupita kwa sheha, hata kama kibali cha Unguja kiko mkobani.

BintiWete amejibu:

Nawashukuru nyote. Nimezungumza na baba jana baada ya magharibi. Nilimsomea ile habari ya vidonge vya chuma, akanyamaza kidogo, kisha akasema anakumbuka watu wakipita nyumba kwa nyumba kuwapa watoto dawa. Tumekubaliana nibaki nyumbani kwa karafuu wiki 4 za mwanzo, na zilizobaki ni zangu. Da Mkunga, nimekubali rai yako ya kuanza wodini. Naomba kuuliza moja tu: wiki zangu hazizidi 7, na nimesikia kibali kinaweza kuchukua muda mrefu kuliko hizo. Nifanyeje?

MaalimWaUuguzi amejibu:

Usiombe kibali chako mwenyewe mwaka huu. Tafuta utafiti ambao kibali chake kimeshatoka, uombe jina lako liongezwe katika orodha ya wasaidizi kwa njia rasmi, ufanye sehemu ndogo uliyopangiwa. Swali lako la patografu liandike pembeni kama pendekezo, likomae taratibu, ulipeleke kwenye kamati mwaka wa nne litakapokuwa utafiti wako wa kuhitimu, na kufikia hapo utakuwa umeshazalisha, kama anavyotaka Bi Mkunga, na hapo hatutatofautiana tena. Wakati huu wa karafuu, jioni, ukipata mtandao, soma kozi za bure za maadili ya utafiti na uhifadhi cheti, kwani wasimamizi wengi huanza kwa kukiulizia.

Ule ukurasa mmoja ulete kabla ya mitihani kuanza. Nitausoma na kukurudishia na kalamu nyekundu.