Mbege ya nyumbani naanzaje?

Wadau habari, nimehamia Moshi nataka kujifunza kupika mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi ya Wachagga, ndoo moja tu, ndizi ninazo. Naanzia wapi?

Mjukuu wa Rombo: Anza na kimea ndugu, loweka ulezi uote, anika ukauke ndo usage. Ndizi ziwe mbivu kabisa, chemsha mpaka ziwe nyekundu, ziache kwenye ndoo safi siku kadhaa zichachuke halafu chuja.

Mama Kibosho: Huo unga wa kimea ukishaupika uji, uji upoe kwanza jamani!! Ukiuchanganya wa moto na maji ya ndizi unaua hamira. Msesewe (magome ya mti ya kutia uchungu) kidogo sana, ukizidisha ni uchungu mtupu. Mfuniko usikaze, gesi inatafuta njia. Kesho yake inanyweka.