Solar Crown: gari nimenunua, mbona ufunguo wanao wao?

Gia_ya_Tano
Wakuu, niko na gemu la magari, Test Drive Unlimited Solar Crown, tangu Alhamisi, tarehe 12 Septemba 2024, lilipotoka rasmi. Niseme yangu kabla hamjatoa hela zenu.

Kisiwa cha Hong Kong wamekijenga kwa ukubwa wake halisi, barabara zinafika kilomita 550 hivi. Shuka kutoka kule juu Victoria Peak usiku, mvua inanyesha, taa za maghorofa zimelala juu ya lami, utasahau kama kuna mbio. Na magari yanapita kushoto kama kwetu, sikuhangaika kuzoea. Gari unalifuata dukani kwa miguu, unalizunguka, unafungua mlango, unakaa ndani. Nilitumia nusu saa nzima dukani bila kununua kitu. Kwenye barabara za vumbi ndipo pabaya, gari linaelea. Studio hii vumbi hawalijui.

Sasa shida yenyewe. Gemu halichezeki bila intaneti, hata ukitaka kuzurura peke yako. Siku zile za mwanzo seva, yaani kompyuta zao zinazoliendesha gemu, zilizidiwa na watu waliolipa bei kamili wakabaki nje. Hii ni haki? Nimenunua au nimekodi?

Halafu, anayetumia gia za otomatiki na kamera ya nyuma ya gari asinijibu. Huyo haendeshi, anaangalia sinema.

Kitonga_Express
Nimesoma vizuri mpaka hapo mwisho, nikakwama. Mkuu, mimi naendesha semi Dar–Tunduma, mwaka wa tisa huu. Nikirudi na shaba tani 28 mgongoni nikaanza kushuka mlima Kitonga, kinachoniponya ni gia. Breki zikishapata moto hazina msaada. Nikifika nyumbani nataka gari libadili gia lenyewe, mimi nishike usukani nitazame mji. Naliangalia kwa nyuma kwa sababu ni zuri. Uniambie mimi siendeshi?

Bingo_wa_Nakuru
Kitonga_Express umemweka pahali pake. Huyu Gia aje mteremko wa Salgaa na hizo gia zake za pedi, ashuke na trela nyuma tumwone.

Halafu eti hawajui vumbi? Hii studio ni KT Racing, Wafaransa, hao hao waliotengeneza WRC 9, gemu la mbio za rally za dunia. Ndani yake kuna Safari Rally, kuna Naivasha! Safari iliporudi kwa kalenda ya dunia 2020, mimi nilikuwa nishazijua kona.

Mwana_Naivasha
2021 ndugu yangu. Ya 2020 ilifutwa kwa sababu ya korona. Mara ya mwisho kabla ya hapo ilikuwa 2002. WRC 9 ilitoka Septemba 2020, kwa hivyo gemu ilifika Naivasha kabla ya rally yenyewe.

Bingo_wa_Nakuru
Sawa, 2021, Ogier alishinda. Point yangu ni ile ile: vumbi wanalijua.

Gia_ya_Tano
Kulijua 2020 si kulijua leo. Nasema nilichokishika mkononi. Na Kitonga_Express, mimi nazungumzia gemu, wewe unanipeleka barabarani. Kama gia ndiyo inakuponya mlimani, mbona kwenye gemu unaikimbia?

Kitonga_Express
Kwa sababu kwenye gemu nikianguka hakuna anayelia.

Dada_wa_Mkunazini
Jamani, mnagombania gia na gari lenyewe linachukuliwa. The Crew, gemu jingine la magari, ile ya 2014, iliondolewa sokoni Desemba 2023 na tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa. Ramani ya Marekani nzima, na hadithi yake uliweza kuicheza peke yako mwanzo mpaka mwisho, lakini seva zilipozimwa ikagoma kufunguka. Mtu alikuwa na diski kabatini, haikumfaa kitu. Miye Test Drive Unlimited ya 2006 mpaka hii leo naifungua kwenye kompyuta ya kaka yangu, kisiwa cha Oahu chote, umeme ukiwepo basi. Jina ni lile lile. Kwa nini ya 2006 iweze na ya 2024 ishindwe?

Gia_ya_Tano
Dada, hapo umenena, ndicho nilichouliza mwanzo. Ila nisisingiziwe kwamba namdharau dereva. Baba yangu mdogo ni dereva wa basi.

Bingo_wa_Nakuru
Sasa baba mdogo ameingia aje? Sema tu pole kwa mzee wa semi tuendelee.

Muscat_Drift
Wazee, mie niko Muscat, intaneti nalipia kwa mwezi na haizimwi. Hili la mtandao mnalia bure, siku hizi kila kitu ni mtandao. La kuumiza ni hela za humo ndani. Unashinda mbio tatu nne, unapewa kidogo, na gari unalolitaka bei yake iko mawinguni. Na nyumba ziko wapi? Gemu la kwanza ulinunua nyumba yenye gereji, ukitoka asubuhi unachagua gari. Hili wamekupa hoteli.

Gia_ya_Tano
Kulia bure? Mwenye waya ukutani asimwambie mwenye bando kwamba analia bure. Mimi nikijiunga bando la wiki nalipigia hesabu. WhatsApp ya familia humo, kazi humo, sasa na gari nalo linywe humo humo?

Muscat_Drift
Basi tatizo lako ni bando, si gemu.

Gia_ya_Tano
Wewe umeondoka lini huku? Umesahau haraka sana.

Muscat_Drift
Hayo ya kuondoka yasiguswe. Kila mwezi natuma hela nyumbani, na bando la mama nalilipa mie.

Dada_wa_Mkunazini
Hakuna aliyekushitaki, kaka. Lakini si bando. Siku seva ikizimwa, gari la Muscat na gari la Dar yanakufa kwa wakati mmoja.

Mwana_Naivasha
Na kuhusu vumbi, nimejaribu jana. Gia_ya_Tano hajakosea. Linaelea. WRC 9 ilikuwa inashika vizuri zaidi.

Bingo_wa_Nakuru
Wee! Na wewe umehamia upande wao?

Kitonga_Express
Samahani nirudi nyuma kidogo. Foleni ya mpakani Tunduma wakati mwingine nalala siku tatu ndani ya kichwa cha gari. Nina laptopu ya zamani. Pale mtandao unakuja na kuondoka. Hili la Hong Kong litacheza?

Dada_wa_Mkunazini
Mtandao ukiondoka litakutoa. Na laptopu ya zamani haiwezi kulibeba.

Kitonga_Express
Na hilo la 2006?

Dada_wa_Mkunazini
Hilo litacheza foleni nzima. Diski ya kaka ipo, nitamwomba.

Kitonga_Express
Ahsante dada. Lina otomatiki?

Dada_wa_Mkunazini
Linayo.

Gia_ya_Tano
Mkuu, ukipata diski nistue. Nami nalitaka.