RSI, Stokastiki au MACD: nafasi ni moja tu, nibaki na ipi?

Mlenga_Chati
Wakuu, habari za wikiendi. Programu yangu ya chati imebadilisha masharti. Kuanzia mwezi ujao akaunti ya bure itaruhusu viashiria (vile vipimo vinavyokokotolewa kutokana na bei) viwili tu kwa chati moja. Wastani wa bei wa vipindi 200 siutoi, kwa hiyo nafasi imebaki moja na wagombea ni RSI, Stokastiki na MACD. Au nilipie tu kifurushi cha mwaka nibaki navyo vyote? Nisaidieni mawazo.

Kobe_Sokoni
Mkuu, umeomba dawa bila kusema unaumwa wapi. Unatredi nini: sarafu, hisa, dhahabu, kripto? Chati ya dakika tano au ya siku? Unafuata mwelekeo au unavizia bei igeuke? Bila hayo kila mtu hapa atakutajia anachokipenda yeye.

BintiMishumaa
RSI, swali limeisha 😄
Wilder, mbunifu wake, aliitoa mwaka 1978 kwa vipindi 14 na hadi leo wengi hawajagusa hiyo namba. Inachukua wastani wa bei ilivyopanda, inaupima na wastani wa ilivyoshuka, unapata namba kati ya 0 na 100. Ila 70 (juu yake wanasema bei imenunuliwa kupita kiasi) na 30 (chini yake imeuzwa kupita kiasi) usizishike kama amri. Soko likiwa linapanda kwa nguvu, RSI huwa inacheza kati ya 40 na 80 hivi, na pale kwenye 40 ndipo wanunuzi wanaporudi. Likiwa linashuka inakuwa 20 hadi 60. Anayesubiri 30 ili anunue ndani ya soko linalopaa ataangalia treni ikiondoka.

Mpanda_Boksi
Tatizo la RSI ni pale soko linapolala. Inakaa 45, 50, 55 siku nzima, haikuambii kitu. Stokastiki yenyewe inauliza swali jingine: bei imefungia wapi ndani ya juu na chini ya vipindi 14 vilivyopita? Ndani ya boksi, yaani bei ikizunguka kati ya dari na sakafu, inatoka chini ya 20 hadi juu ya 80 na kurudi, na mistari yake miwili ikikatana huko pembeni unajua pa kuangalia. Kwa mtu anayecheza sapoti na rizistansi (hiyo sakafu na dari) hakuna mpinzani.

Kobe_Sokoni
Na boksi likivunjika? Stokastiki inaganda juu ya 80 na bei inaendelea kupanda. Kusomeka "imenunuliwa kupita kiasi" siyo ishara ya kuuza. Maana yake ni kwamba bei inafungia karibu na kilele chake, basi. Mara nyingi hiyo ni nguvu, siyo uchovu.

Mpanda_Boksi
Ndiyo maana nimesema *ndani ya boksi*, mzee.

Zamu_ya_Usiku
Mbona hakuna aliyetaja Williams %R? Mimi naitumia pamoja na Stokastiki, zikikubaliana naingia.

BintiMishumaa
Ndugu, zitakosaje kukubaliana? %R ni ile ile Stokastiki ya haraka, imehamishiwa tu kwenye kipimo cha 0 hadi -100. Stokastiki ikisoma 80, %R inasoma -20. Umemuuliza shahidi mmoja mara mbili.

Zamu_ya_Usiku
😳 Ngoja nikaangalie.

Histogramu
MACD, vipindi 12, 26, 9. Inatoa wastani mrefu kwenye wastani mfupi, kwa hiyo inakuonyesha mwelekeo na kasi kwa pamoja. Haina dari wala sakafu, hivyo haikudanganyi kwamba bei "imezidi". Inachelewa, sikatai, ila histogramu yake inaanza kusinyaa kabla mistari haijakatana. Angalizo moja: thamani yake iko kwenye kipimo cha bei yenyewe, kwa hiyo usilinganishe MACD ya dhahabu na ya euro.

Asiyechoka
Mimi niongelee hilo la kulipia. Kulipia nafasi zaidi kwenye chati ni sawa, lakini ukishafungua pochi watakuja wauzaji wengine. Nilinunua kiashiria cha "mishale ya momentamu" kwa jamaa mmoja kwenye kundi la tredi. Ukitazama chati ya nyuma unalia kwa furaha: mshale wa kununua upo kwenye bonde kabisa, wa kuuza upo kileleni. Nikaanza kukitumia sokoni. Mshale unatokea, naingia, bei inaendelea kushuka, stopu (bei niliyoweka ya kukata hasara) inaguswa. Narudi kwenye chati, ule mshale haupo! Umehamia chini, kwenye bonde jipya, kama vile haukuwahi kukaa kule juu. Nikaanza kupiga picha za skrini kila mshale ukitokea. Nilipompelekea muuzaji akasema mipangilio yangu mibaya, kisha akanitoa kwenye kundi. Rafiki anayejua kuandika programu akakifungua: ndani kuna Stokastiki ya kawaida imeunganishwa na zigizaga (mstari unaounganisha vilele na mabonde), na zigizaga haijui bonde liko wapi mpaka mishumaa ya mbele (kila mmoja ni bei za kipindi kimoja) ifungwe. Sasa hivi kitu chochote cha kununua nakiacha kwanza kwenye chati inayotembea, nione kama alama za jana bado ziko pale pale.

Histogramu
Pole sana kaka. Hao wa mishale wapo wengi.

Mlenga_Chati
Samahani wakuu, nilikuwa njiani. Natredi dhahabu na euro kwa dola, chati ya saa nne nne kwa mshumaa, mara nyingine dakika 15. Halafu RSI ya dhahabu kwenye simu inasoma 31 na kwenye kompyuta 34. Mshumaa wa saa nne ule ule! Ipi ni ya kweli?

Kobe_Sokoni
Hilo "mara nyingine dakika 15" ndilo la kujadili kwanza.

BintiMishumaa
Zote zinaweza kuwa sahihi. Wilder anachukua wastani wa jana mara 13, anaongeza wa leo, anagawanya kwa 14. Mshumaa wa zamani haufutiki moja kwa moja. Simu ikipakia historia fupi, namba inatofautiana. Tena zipo programu zinazotumia wastani wa kawaida, ile wanaita RSI ya Cutler.

Mpanda_Boksi
Mimi nabisha, hiyo ni saa ya seva. Mshumaa wa saa nne wa broka mmoja unafunguka tofauti na wa mwingine, kwa hiyo hata bei za kufungia siyo zile zile. Mlenga, linganisha muda wa kufungua kabla ya kulaumu fomula.

BintiMishumaa
Hajasema kama broka ni tofauti.

Mlenga_Chati
Ni tofauti. Simu ni ya akaunti ya demo.

Mpanda_Boksi
😎

BintiMishumaa
Bado historia fupi haijaondoka mezani. Arudishe chati ya simu nyuma kabisa, kisha asome tena.

Zamu_ya_Usiku
Nimeangalia, kweli %R ni ile ile, nimeitoa. Sasa mlivyotaja seva: chati yangu ya siku ina kamshumaa kadogo ka Jumapili, kanahesabiwa kwenye zile 14 za RSI?

Histogramu
Kanahesabiwa kama siku nzima. Tafuta broka ambaye siku yake inafungwa saa ya New York, utabaki na mishumaa mitano kwa wiki.

Kobe_Sokoni
Kwa kripto je, ambako Jumapili ni siku kama nyingine?