Parokia na usharika vinavyotumia mto mmoja: tuanzie wapi kutetea haki kwa pamoja?

Mlei wa Mlimani

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa wenzangu wa KKKT, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya walei katika parokia moja ya mlimani Kilimanjaro. Ng'ambo ya mto upo usharika wa Kilutheri, na kila mwaka, kati ya tarehe 18 na 25 Januari, tunakutana kwa Wiki ya Kuombea Umoja wa Wakristo: paroko anahubiri kwao, mchungaji anahubiri kwetu, kwaya zinaimba, kisha tunakunywa chai na kuagana hadi mwakani. Mto wenyewe, wakati huo, unaharibika. Vijana wanachimba mchanga kingoni, miti imekatwa, na mfongo, yaani mfereji wetu wa asili, unaomwagilia migomba na kahawa ya pande zote mbili umekauka, kwa kuwa mto umechimbika hadi maji yakawa chini ya banio linaloyaingiza mfereji.

Wachimbaji ni watoto wetu, wa kwetu na wa kwao. Hawana shamba wala ajira, na mwenye tipa huwalipa sehemu ndogo mno ya bei anayouzia mchanga huo. Naona umaskini, unyonyaji na uharibifu wa mazingira vimekuwa jambo moja hapa. Je, upo mfano wa makanisa nchini yaliyosimama pamoja katika mambo ya namna hii, au kila moja hubaki na askofu wake na nyaraka zake?

Mwalimu Mstaafu

Milele na milele, amina. Mifano ipo. Mwaka 1992 Baraza la Maaskofu Katoliki (TEC) na Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT), inayounganisha makanisa ya Kiprotestanti, waliunda tume moja ya huduma za jamii, CSSC, ili hospitali na shule za makanisa ziwe na sauti moja mbele ya serikali. Huo ni ushirikiano wa huduma. Ule wa haki ulionekana zaidi mwaka 2008, pale TEC, CCT na BAKWATA, baraza kuu la Waislamu, walipotoa ripoti iliyoandikwa na Mark Curtis na Tundu Lissu kuhusu jinsi taifa lilivyokuwa likinufaika kidogo na dhahabu yake. Mrabaha wa dhahabu, yaani malipo ambayo kampuni ya madini huilipa serikali, ulikuwa asilimia 3. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 iliupandisha hadi asilimia 4, na marekebisho ya mwaka 2017 hadi asilimia 6.

Sisemi kwamba viongozi wa dini peke yao ndio waliobadili sheria. Kamati ya Jaji Mark Bomani ya kupitia sekta ya madini ilikuwa imeundwa tangu mwaka 2007, na wabunge walikuwa wakipiga kelele. Ninachokitilia mkazo ni namna walivyofanya. Hawakuishia kwenye waraka wa kichungaji unaosomwa Jumapili moja na kusahaulika, bali walikwenda na hesabu za kodi, misamaha na mikataba, wakarudi tena mwaka 2012 na ripoti nyingine kuhusu mapato ya kodi yanayopotea. Ninyi pia andaeni hesabu zenu: ni kaya ngapi zinategemea mfongo huo, tipa ngapi zinapita kwa juma, na kijana analipwa kiasi gani kwa tripu moja.

Mhazina wa Usharika

Shikamoo Mwalimu. Nakubaliana nawe, lakini naomba niulize jambo ambalo wengi tutalikwepa: mchanga wa kanisa jipya unatoka wapi? Mimi hutunza vitabu vya usharika katika wilaya jirani, na ninajua kamati ya ujenzi hununua kwa mwenye bei nafuu bila kudai kibali cha uchimbaji. Parokia za jirani zetu nazo hufanya vivyo hivyo. Tukiandika barua ya kulaani uharibifu wa mto huku rundo la mchanga wa mto huohuo likiwa mbele ya mlango wa kanisa, mwenyekiti wa kijiji atatucheka, na atakuwa na haki.

Dayosisi yetu ya Kaskazini imesifiwa kwa kuwapandisha miti vijana wa kipaimara, na Askofu Fredrick Shoo alijulikana hata Ujerumani kama askofu wa miti. Ni kazi njema, nami nimeishiriki. Ila mti haumgombezi mtu yeyote. Kumwambia mfadhili mkubwa wa harambee kwamba tipa zake zinaua mfongo ni kazi ya aina nyingine, na hapo ndipo umoja wetu utakapopimwa, kwa sababu mfadhili akikasirika kwa Walutheri atahamishia mchango wake kwa Wakatoliki, nao wataupokea.

Karani wa Maji

Mama Mhazina amegusa penyewe. Kwa upande wa sheria, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya kingo, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Pelekeni barua moja, yenye saini ya paroko na ya mchungaji, kwa serikali ya kijiji na kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na muombe ajenda katika mkutano mkuu wa kijiji ili sheria ndogo ijadiliwe na wananchi wenyewe. Ambatanisheni azimio la kamati zote mbili za ujenzi la kutonunua mchanga usio na kibali.

Msiwasahau wachimbaji. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na fungu la vijana ni asilimia 4. Wasaidieni kusajili kikundi kabla hamjawafukuza mtoni, la sivyo watahamia bonde la pili.

Mlei wa Mlimani

Nawashukuru. Azimio la mchanga nitalipeleka kwanza kwetu, kabla ya kuwagusa wenzetu wa ng'ambo. Je, ni sahihi masheikh wa msikiti wa chini wahusishwe tangu barua ya kwanza?

Mwalimu Mstaafu

Tangu rasimu. Mfongo huo unawafikia na wao, tena wako mwisho wa maji, hivyo wamekauka kabla yenu.